Ngoma Nzima Mikononi mwa Mtu Mmoja

Mhadhara wa hadhara uliotolewa mjini Nyeri



Muziki mliokuwa mkiusikia mlipoingia ukumbini umepigwa na mtu mmoja kwa ala moja. Mzee mmoja ameniuliza wapigaji walikuwa wangapi, mwenyewe akakisia watatu, na ana haki ya kukisia hivyo. Ni mfululizo wa ngoma: preludi ya kufungulia, kisha alemanda, kuranta, sarabanda, jiga, gavoti na minueti, zote zikipigwa bila msindikizaji yeyote. Aliyeutunga ni Mfaransa tunayemjua kwa jina la Sieur de Machy, naye aliuchapisha Paris mwaka 1685. Ala yenyewe ni viola da gamba.

Nimekuja na hoja moja. De Machy na yule mwenye gitaa moja anayepiga mugithi katika baa za Karatina au Nanyuki wanafanya kazi ya aina moja. Kila mmoja amezichukua ngoma zilizohitaji uwanja, wachezaji na kundi la wapigaji, akazibeba peke yake kwa nyuzi na vidole, akazipanga moja baada ya nyingine hadi zikawa kitu kimoja. Kazi ya de Machy inafundishwa leo katika vyuo vya muziki vya nchi nyingi. Kazi ya mpiga mugithi inachezwa kila wikendi kuanzia Sagana hadi Timau, na ni wachache mno wanaoikalia chini kuisoma kama muziki. Ninaona hili ni kosa, na saa hii moja nitaitumia kueleza kwa nini.

Tuanze na ala. Viola da gamba huwekwa katikati ya miguu, mpigaji akiwa ameketi, na upinde hushikwa kiganja kikitazama juu. Nyuzi zake ni za utumbo wa kondoo, sita kwa kawaida. Wafaransa wakaongeza wa saba upande wa besi katika karne ya 17, na Jean Rousseau, aliyeandika kitabu kizima juu ya ala hii mwaka 1687, anasema aliyeuongeza ni Monsieur de Sainte-Colombe. Shingoni kuna freti, nazo pia ni za utumbo, zimezungushwa na kufungwa fundo, kiasi kwamba mpigaji anaweza kuzisogeza kidogo sauti ikikataa kukaa.

Hapo kwenye freti ndipo wapiga gitaa watege masikio. Watu wakiona upinde hudhani viola hii ni ukoo mmoja na fidla. Sivyo. Ni ndugu wa gitaa. Ilizaliwa Hispania, katika ufalme wa Aragon, mwishoni mwa karne ya 15, wapigaji walipoichukua vihuela, ala ya freti iliyopigwa kwa vidole, wakaipitishia upinde, kama rababu ilivyokuwa ikipigwa na Waislamu wa Andalusia kwa karne nyingi. Ushahidi uko kwenye gitaa lako. Shusha uzi wa tatu nusu toni, kutoka G hadi F-shapu. Sasa umbali wa sauti kati ya uzi na uzi ni uleule wa viola da gamba. Tofauti ni kwamba viola imeshuka toni moja. De Machy aliandika nusu ya kitabu chake kwa tabulatura, yaani mistari inayosimama badala ya nyuzi na herufi zinazoonyesha freti: a ni uzi ulioachwa wazi, b freti ya kwanza, c ya pili, na kuendelea. Ukiuweka kando ule uzi wa saba, mpiga gitaa wa Othaya anaweza kujifunza kusoma herufi hizo kwa muda mfupi, na vidole vyake vya kushoto vitaangukia mahali palepale vilipoangukia vidole vya Mfaransa yule zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Kitabu kile cha 1685 kina mifululizo minane, minne kwa nota na minne kwa tabulatura, na kina dibaji ya mabishano ambayo ninaipenda kuliko baadhi ya muziki uliomo. Paris wakati huo ilikuwa na ubishi. Je, viola iimbe sauti moja nzuri ya juu huku wengine wakiisindikiza, au ijitosheleze yenyewe kwa besi, sauti ya kati na ya juu? De Machy alishikilia kwamba ukamilifu wa ala hii ni kujitosheleza. Alisema kwa maneno yake kwamba anayepiga wimbo mtupu kwa viola anafanana na mtu mwenye mikono miwili mizima anayepiga kinanda kwa mkono mmoja: anaweza kusifiwa kwa wepesi, lakini huko si kukipiga kinanda. Jean Rousseau niliyemtaja alikuwa upande wa pili, akiamini uzuri wa viola uko katika kuimba. Na tusimdharau Rousseau, maana wakati ulimpa ushindi. Marin Marais, mwanafunzi wa Sainte-Colombe na mpigaji wa chumbani mwa mfalme Louis wa 14 tangu 1679, alichapisha kitabu chake cha kwanza mwaka 1686 kikiwa na sehemu ya viola tu, kisha mwaka 1689 akaongeza kitabu cha besi ya kusindikiza, na vitabu vyake vinne vilivyofuata vyote vina msindikizaji. Mtu wa peke yake alishindwa hata Paris. Alibaki katika kitabu cha de Machy na katika miswada iliyonakiliwa kwa mkono.

Lakini tazama ugumu wa kile alichokitetea. Daraja linaloshikilia nyuzi za viola lina mgongo, hivyo upinde hauwezi kuzigusa nyuzi zote kwa mara moja. Mpigaji anaugusa uzi wa besi, anauacha uendelee kulia, anapanda kwa haraka kwenye nyuzi za juu na kuimba wimbo. Besi haipo tena mkononi mwake. Ipo sikioni mwako. Wewe msikilizaji unaishikilia mpaka atakaporudi kuigusa. Ndiyo maana mzee wetu alisikia watu watatu. Mmoja alikuwa akipiga, na wawili aliwapiga yeye mwenyewe kwa kusikiliza.

Sasa mtazame mpiga gitaa wa mugithi akiwa na gitaa kavu na kipaza sauti kimoja. Dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada na cha kati vinauchokonoa wimbo kwenye nyuzi nyembamba, na mahali ambapo bendi ya benga ingekuwa na ngoma, kiganja kinaligonga gitaa au kuzizima nyuzi ghafla ili ukimya wenyewe uwe pigo. Juu ya hayo anaimba. Akifika pale ambapo bendi ya wanamuziki wetu wakongwe, Joseph Kamaru au Daniel Kamau, D.K., ingeleta gitaa la pili kujibu la kwanza, yeye hana wa kumjibu. Anaiacha besi kidogo, anapiga jibu, anarudi. Na wewe hujaona pengo lolote, kwa sababu wimbo unaujua na umelijaza mwenyewe. Ufundi ni uleule wa de Machy.

Siku hizi wengi wanapiga juu ya ngoma za mashine na kinanda kilichorekodiwa kabla. Ninaelewa sababu: ukumbi una kelele, na wateja wanataka besi inayotikisa meza. Hata hivyo nasema wazi kwamba jambo linapotea. Mashine ikishashika besi, dole gumba linakosa kazi, na kijana anayejifunza leo hatajua kamwe kwamba dole gumba liliwahi kuwa mpigaji kamili. Mkono mmoja wa kinanda, angesema de Machy.

Nigeukie ngoma zenyewe, maana hapa ndipo penye utamu. Majina yale niliyoyataja mwanzoni yalikuwa majina ya ngoma za kuchezwa kwa miguu. Alemanda ilihesabiwa kuwa ya Wajerumani. Kuranta ilikuwa ya kukimbia. Jiga ilivuka bahari kutoka visiwa vya Uingereza. Lakini de Machy alipochapisha kitabu, hakuna aliyesimama kucheza alemanda ya viola. Ilikuwa imegeuka kuwa ya kusikilizwa tu, na mwendo wa miguu umebaki ndani ya muziki.

Historia ya sarabanda ndiyo inayonishika zaidi. Mara ya kwanza tunakutana na jina lake katika shairi lililoandikwa Panama mwaka 1539, wakati Wahispania wamekwisha kufika kule na watumwa wao Waafrika, na wako wataalamu wanaouona mkono wa Waafrika hao katika kuzaliwa kwake. Ilifika Hispania ikiwa ngoma ya kasi, ya makofi na matari, ya kiuno. Mwaka 1583 ilipigwa marufuku. Aliyeiimba au kuisema hadharani alihukumiwa viboko 200. Mwanamume aliongezewa miaka sita ya kupiga makasia katika merikebu za mfalme, na mwanamke alifukuzwa nchini. Padre Juan de Mariana aliandika dhidi yake kwa ukali mkubwa. Miaka kama 100 baadaye, sarabanda hiyohiyo iko Paris, imekuwa ya polepole kuliko ngoma zote za mfululizo, na ina heshima kiasi cha kupigwa mbele ya mfalme. Isikilizeni tena mkipata nafasi: hesabu tatu, uzito ukiangukia ya pili. Moja, mbili inakaa, tatu. Kile kituo cha kwenye mbili nadhani ni kiuno kilekile cha 1583, kimefundishwa adabu.

Sisi wa Mlima Kenya tunazijua ngoma zilizopigwa marufuku. Mwaka 1929 misheni ya Kanisa la Scotland, iliyokuwa na vituo Kikuyu, Tumutumu hapa kwetu na Chogoria kule Meru, iliwataka waumini waweke alama ya kidole, kirore, kukataa tohara ya wasichana. Jibu lilikuja kwa ngoma: muthirigu. Ilienea kijiji kwa kijiji, ikiwataja wamisheni na machifu kwa majina, na mwaka 1930 serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku na kuwafunga walioiimba. Mimi ni miongoni mwa wanaofurahi kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imewalinda wasichana wetu dhidi ya kisu kile. Hilo halinizuii kusema kwamba muthirigu, kama muziki, ni jambo kubwa: mahadhi mafupi yanayoweza kupokea ubeti mpya kila usiku, kila mahali, kwa yeyote mwenye jambo la kusema. Umbo la namna hiyo marufuku haiwezi kuliua.

Kisha, katika miaka ya 1940, ikaja mwomboko. Vijana waliokuwa wameziona dansi za wazungu, walizi na dansi za Kiskoti, katika majumba ya masetla, katika misheni na jeshini wakati wa vita, walizichukua na kuzifanya zao. Mwanamume na mwanamke wanashikana, hatua mbili na kujipinda. Akodioni inaimba, na karing'aring'a, ile pete ya chuma, inagongwa kwa kijiti cha chuma kushika mapigo. Wazee mliomo humu mliicheza, na baadhi yenu bado mnaicheza sikukuu za kitaifa uwanjani Ruring'u, mmevaa kofia na makoti marefu. Wapo waliowahi kuidharau mwomboko kwa kusema imeazimwa. Na jiga ya Paris je? Iliazimwa vilevile. Ngoma za Waskoti na jirani zao zilivuka maji zikaingia katika mfululizo wa viola katika karne ya 17. Jamaa zake zikapanda milima yetu katika karne ya 20 zikakutana na karing'aring'a. Sioni kwa nini safari ya kwanza iitwe ustaarabu na ya pili iitwe kuiga.

Sasa tuje usiku wa mugithi. Aina hii ilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1990, na kati ya waliolibeba jina lake mbali ni Mike Rua na marehemu Salim Junior. Jina ni la treni: wachezaji wanapanga mstari, kila mmoja amemshika wa mbele yake, na mstari unazunguka kati ya meza kama mabehewa yanavyopanda kutoka Karatina kwenda Kiganjo. Maina wa Mutonya, msomi aliyeuandikia muziki wa Wagikuyu kwa kina, ameonyesha jinsi mpigaji anavyozichanganya ndani ya usiku mmoja nyimbo za tenzi za kanisa, nyimbo za Mau Mau, nyimbo za jando na benga ya jana. Sababu ya kuzaliwa kwake ilikuwa pia ya mfukoni. Hali ya uchumi ilikuwa mbaya, wenye baa hawakuweza kulipa bendi ya watu sita, na mauzo ya kanda yaliliwa na wanakili haramu. Mtu mmoja mwenye gitaa moja alikuwa nafuu. Msiione sababu hiyo kuwa ya aibu. Viola ya peke yake nayo ililelewa na vyumba vidogo vya watu waliotaka muziki wa karibu bila okestra. Chumba na mfuko vina sauti katika muziki wowote ule.

Fuateni jinsi usiku unavyopangwa. Mpigaji anaanza kwa kupapasa nyuzi. Anajaribu sauti, anakaza uzi mmoja, anapiga kodi mbili tatu zisizo na mapigo maalumu, anazungumza na watu, anawataja waliofika. Preludi za viola zilizaliwa kwa shughuli hiyohiyo: mkono kuijua ala, ala kuujua ukumbi. Kisha nyimbo za taratibu, mara nyingi za zamani, au zile za kantri za Jim Reeves na Kenny Rogers ambazo nchi hii ya baridi imezipenda kama zake. Watu wanakula nyama, wanasikiliza. Baadaye Kamaru, yule wa Kangema aliyezaliwa 1939 na kutuacha 2018, na mapigo yanachangamka. Kisha mwomboko inaingia, na wenye umri mkubwa wanasimama. Karibu na usiku wa manane benga imeshika, treni imepangwa, nyimbo zinaunganishwa bila kituo, na maneno yamekuwa ya watu wazima.

Angalieni pia jambo ambalo mashabiki hawalisemi lakini wapigaji wanalijua. Mara nyingi nyimbo zote hizo, zilizorekodiwa kwa funguo mbalimbali, hupigwa kwa ufunguo mmoja au miwili. Sauti ya mpigaji inakaa hapo, kapo imebanwa hapo, na nyuzi zilizoachwa wazi zinalia vizuri hapo. Mfululizo wa viola nao uko katika ufunguo mmoja toka preludi hadi minueti, kwa sababu zinazofanana: kila ufunguo una nyuzi zake wazi zinazoitika, na kubadili katikati ni kuipoteza milio hiyo. Vipande saba tofauti vikishiriki ufunguo mmoja, sikio linaacha kuvihesabu na kuanza kuvisikia kama safari. Hivyo ndivyo tenzi, kantri na mwomboko vinavyoweza kukaa kitako pamoja Nyeri bila kugombana.

Kuna pingamizi, na ni la haki. Utasikia bendi zikilalamika: hawa wa mugithi hawatungi, wanaimba za wenzao. De Machy alitunga kila nota ya alemanda zake. Alichoazima ni umbo tu. Tofauti hii ni ya kweli na sitaificha. Tena mwenye wimbo anastahili malipo yake, awe hai au warithi wake. Lakini utunzi una vyumba vingi. Mwaka 1701 Marais alichapisha beti 32 za viola juu ya mahadhi ya Folies d'Espagne, ambayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya kila mtu Ulaya. Kazi yake ilikuwa katika kile alichokijenga juu yake. Mpigaji anayeutoa utenzi wa kanisa kwenye mwendo wake, akauingiza katika benga kupitia mipigo minne ya dole gumba ambayo hukuitambua mpaka umekwisha kusimama kucheza, huyo ametunga. Ametunga kiungo. Katika mfululizo wa ngoma, kiungo ni nusu ya kazi.

Na kabla ya gitaa? Tulikuwa na wandindi. Fidla ya uzi mmoja, mwili uliowambwa ngozi, mti uliopita kati, na upinde. Jamaa yake ni orutu ya Wajaluo na endingidi ya Waganda. Mpigaji aliimba na wandindi ikamfuata, ikarudia maneno yake bila maneno. Alikuwa mtu wa peke yake miongoni mwa watu ambao ngoma zao kubwa, kibaata ya wapiganaji, gitiiro ya akina mama, zilihitaji umati. Alikuwapo pia mwenye gicandi, kibuyu chenye mbegu ndani na alama zilizochorwa nje, aliyeshindana na mwenzake kwa mafumbo hadharani. Ngugi wa Thiong'o alilijua hilo. Msimulizi wa Shetani Msalabani ni mpiga gicandi. Na ndani ya riwaya hiyohiyo yumo Gatuiria, msomi wa muziki anayetamani kutunga kazi kubwa ya sauti na ala za watu wote wa Kenya. Wasomi wetu wa muziki wengi wamekuwa akina Gatuiria, na nia yao ni njema: tumepata kwaya kubwa, tumepata mipangilio ya sauti nne kwa Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927. Mimi ningependa tumtazame pia yule msimulizi aliyeketi na kibuyu kimoja. Wandindi ninaisikia siku hizi kwenye mashindano ya shule zaidi kuliko nyumbani kwa mtu, ikipigwa na mtoto aliyefunzwa wimbo mmoja kwa ajili ya jaji. Ni afadhali kuliko kimya. Lakini wimbo mmoja wa dakika chache haumfundishi mtoto jinsi mtu wa peke yake anavyoweza kuubeba usiku mzima.

Viola da gamba nayo ilikufa. Kumbi zilikua, fidla na selo zikawa na sauti kubwa zaidi, na sauti yake laini ikazama. Mwaka 1740 wakili mmoja Mfaransa, Hubert Le Blanc, alichapisha Amsterdam kitabu cha kuitetea dhidi ya fidla na selo. Utetezi wa moyo wote, na haukuzuia kitu. Karl Friedrich Abel, bingwa wake wa mwisho mkubwa, alikufa London mwaka 1787, na kwa miaka 100 hivi ala ikawa pambo la ukutani, mpaka Arnold Dolmetsch na wenzake walipoishusha tena mwishoni mwa karne ya 19. Waliishusha wakakuta nini cha kupiga? Wakakuta karatasi. Kitabu cha de Machy. Vitabu vitano vya Marais. Miswada ya Sainte-Colombe. Telemann alichapisha fantasia 12 za viola ya peke yake mwaka 1735; zilihesabiwa kuwa zimepotea mpaka nakala moja ilipopatikana katika nyaraka za jumba la Ledenburg, zilizohifadhiwa Osnabrück, Ujerumani, na zikachapishwa upya mwaka 2016. Zilikaa kabatini karne mbili na zaidi bila mtu kuzipiga, na zilipofunguliwa zilikuwa nzima.

Sisi tuna nini kabatini? Tuna gicandi iliyoandikwa na kuchapishwa na padre wa Consolata, Vittorio Merlo Pick, mwaka 1973. Tuna kitabu cha padre mwenzake Cagnolo kilichochapwa hapahapa Nyeri mwaka 1933. Tuna sahani za santuri za Kamaru na wenzake. Usiku wa mugithi wenyewe, kwa mpangilio wake, umeachwa kwa simu za wateja: vipande vya dakika mbili, treni ikiwa imepamba moto, preludi haimo, viungo havimo. Ni kama tungekuwa na jiga za Ufaransa tu.

Ninachoomba kwa walimu si kikubwa. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne au wa chuo, mpigaji mmoja wa mji wake, onyesho moja la mchana, maana yapo ya harusi na ya michango ambayo kijana anaweza kuhudhuria. Aandike nyimbo kwa mfuatano wake, ufunguo wa kila mmoja, mahali mapigo yanapobadilika, na kile kinachofanywa na dole gumba pale kwenye kiungo. Mpigaji aombwe ruhusa kabla, rekodi iwe mali yake, na jina lake liandikwe juu ya karatasi kama mtunzi wa mfululizo huo, chini yake majina ya wenye nyimbo.

Na aulizwe kuhusu mpangilio angali hai. Johann Jakob Froberger, Mjerumani ambaye mifululizo yake ya kinanda ilikuja kuwa mfano wa wengi, alikufa mwaka 1667. Kwa mkono wake mara nyingi aliiweka jiga ya pili. Miaka kama 30 baadaye mchapishaji wa Amsterdam aliitoa kazi yake akijisifu kwamba ameziweka ngoma katika mpangilio bora zaidi, jiga ikasukumwa mwisho, na vizazi vya wanafunzi vikafundishwa kwamba huo ndio uliokuwa mpangilio wa Froberger. Kwa hiyo swali la kwanza daftarini liwe hili: kwa nini wimbo huu umefuata ule? Na ajibu mpigaji mwenyewe, si mwenye baa wala mwenye studio.